Shikamoo Yako, Masanja

Masanja,

Ngosha ameshinda. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, usingenisikiliza neno jingine lolote kabla ya hilo.

Ilikuwa Jumapili, mvua inanyesha huko kwao Ulaya, sisi hapa Kahama jua linatuchoma. Yule dereva mzee kuliko wote katika mbio zile za magari, uliyempa jina la Ngosha kwa kuwa, ulisema, anaendesha kama Msukuma anayeswaga ng'ombe: hana haraka na hakuna anayepotea. Mimi nilisema ameisha. Nilisema tangu msimu unaanza, mbele ya watu, kwamba angekuwa fahali angeshauzwa mnadani. Wewe ukasema atashinda walau mara moja kabla msimu haujafungwa. Halafu ukalala chumbani kwako Nyahanga na hukuamka, msimu ukiwa katikati. Kwa hesabu zangu ulikuwa umeshindwa.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Njia ilianza kukauka, wote wakaingia kuweka matairi ya njia kavu. Dogo wangu naye akaingia, yule kijana niliyekwambia atakuja kuwa bingwa. Ngosha akabaki nje na matairi yake ya mvua, yamechakaa lakini ameyatunza. Nikasema kwa sauti, mzee amechanganyikiwa. Mvua ikarudi. Dogo akateleza, akaenda kukaa kwenye kokoto kama mtu aliyeshushwa kwenye basi. Ngosha akapita taratibu tu, kama anaelekea kisimani. "Gari siyo mbio, gari ni matairi." Nilisikia sauti yako kabisa, na nikageuka upande wako.

Kiti chako pale bandani kwa Bwana Shija hakijaondolewa. Bado watu wanajaa kuangalia mpira kwenye televisheni kubwa, na sisi wapenda mbio tunapewa ile ndogo ya pembeni yenye mstari wa kijani kwenye kioo. Tumebaki watatu. Gari la Ngosha lilipokata mstari wa mwisho hakuna aliyeshangilia. Wote waligeuka kunitazama mimi. Hata wa mpira waligeuka, kwa sababu kila mtu pale anajua masharti yetu.

Unataka kujua nilijisikiaje? Sikujisikia chochote. Nilimaliza soda yangu, nikarudisha chupa, nikatembea hadi kwenye karakana, nikafungua taa za lori moja ambazo hazikuwa na ubovu wowote, nikazifunga tena. Ndivyo nilivyo siku hizi. Nakula, nalala, nafunga nyaya za magari ya watu na yanawaka. Mke wangu ananiuliza kama ninaumwa, namwambia hapana, na ni kweli, siumwi.

Hata siku ya kukuzika nilikuwa hivyo. Mimi Mgogo, mtani wako, watu walinisubiri nifanye ya watani. Walitegemea nilale karibu na kaburi nikatae usiingizwe mpaka nipewe kuku, au nivae kofia yako niigize ulivyokuwa unatembea. Baba yako aliniangalia mara mbili. Nilishika jembe nikafukia udongo kama kibarua, nikanawa mikono. Utani wote niliokuwa nao niliutafuta sikuuona.

Sasa masharti. Wewe unayakumbuka, lakini acha niyaandike, maana ndiyo yaliyonikosesha raha wiki hizi zote. Anayeshindwa ubishi mkubwa wa msimu anamwamkia mwenzake shikamoo, mbele ya watu, kwa kuinama. Kwako ilikuwa kitu chepesi. Mimi ni mkubwa kwako, nilikuwa namaliza shule wewe bado unachunga, na huku kwenu mtu mzima kumwamkia mdogo wake ni kioja cha kusimulia mpaka Mwadui. Ndiyo maana uliyapenda masharti yale.

Msimu wa juzi ulinishinda. Nilipoingia bandani ulikuwa unatafuna matobolwa, yale ya mama yako, viazi vilivyochemshwa vikakaushwa mpaka vikawa kama ngozi ya kiatu. Nikainama, "Shikamoo." Ukanyanyua kidole nisubiri. Ukatafuna. Ukameza, ukanywa maji, ukachagua kipande kingine, ukakikagua kwanza kwenye mwanga. Watu wanaanguka kwa kicheko, na mimi nimeinama pale na umri wangu. Ndipo ukasema, "Marahaba, mwanangu. Uko darasa la ngapi?"

Nilikuchukia siku ile, Masanja. Nilikuchukia hadi tulipofika nyumbani kwako na kuwasha kompyuta tucheze mbio zetu.

Nikwambie kuhusu kompyuta. Mkeo Mama Kulwa alifungua usukani wetu wa mchezo kutoka kwenye meza ya cherehani. Hakuuliza mtu. Nilienda kumsalimia nikakuta ameufunga ndani ya kanga, na zile pedali pamoja na kipande cha tofali tulichokuwa tunakiweka nyuma yake zisiteleze kwenye sakafu. "Shemeji, chukua huu usukani wenu. Mimi nahitaji meza, nina sare za kwaya." Hakusema kwa ubaya. Kumbuka alivyokuwa anatufukuza, kwamba nguo za watu haziwezi kusubiri wanaume wawili wazima wanaoendesha meza. Nikauchukua. Tofali nalo nikalichukua, sijui kwa nini. Kompyuta imebaki pale, mapacha wako wanaangalia katuni. Kulwa bado anamnyima Doto kipanya cha kompyuta.

Ule msimu wetu wa kwenye mchezo umesimama ulipoachwa. Nimeufungua mara moja tu. Timu yetu, wewe na Ngosha wako, mimi na Dogo wangu, na mbio inayofuata ni zamu yako. Maandishi yanasema bonyeza kuanza. Nilikaa nikaangalia gari lako limesimama pale kwenye mstari, kisha nikazima. Sikuona sababu ya kugusa zamu ya mtu.

Lakini nilikumbuka pi pi. Wewe uliyekuwa unashinda mgodini huko Geita ndani ya lori la dampa kubwa kuliko nyumba, zamu ikiisha unakuja Kahama kuendesha gari la mbio, na bado hukuweza kuondoka kwenye mstari bila honi. Moja kuwasha, mbili kwenda mbele, tatu kurudi nyuma, ndivyo mlivyofundishwa. Gari la mbio halina honi, nilikwambia mara ngapi? Ukawa unapiga kwa mdomo. Taa za kuanzia zinazimika, wenzako wote wanaondoka, wewe bado unasema "pi pi" ndipo unakanyaga mafuta. Kila mbio uliianza ukiwa wa mwisho kwa sababu hiyo. Na ukawa unawapita mmoja mmoja, huku mimi nimekaa kwenye kitanda cha mapacha nakutukana.

Turudi kwenye masharti. Bandani walibishana. Mmoja akasema ubishi umekufa na mwenyewe. Mwingine akasema, marehemu haamkiwi, ataitikaje? Bwana Shija, ambaye mbio hazimhusu kabisa na hajui hata gari linageukia wapi, akasema neno moja tu: "Mtani, ungeshinda wewe, ungemsamehe?" Nisingekusamehe. Ningekuja hadi kaburini kukucheka. Niliondoka, na Jumapili iliyofuata sikwenda.

Walidhani naona aibu. Acha wadhani. Ukweli nakwambia wewe peke yako. Nilijua nikishasema shikamoo, ubishi umefungwa. Umeshinda, nimekubali, kwisha. Na mimi na wewe tulikuwa na nini kingine, Masanja? Hatukuwahi kuongea mambo makubwa. Sijui ulikuwa unaogopa nini, hukujua mimi nalala vipi. Tulikuwa na Ngosha na Dogo, nani ana kiwango, nani anabebwa na gari, nani mwakani atakosa timu. Miaka yote hiyo. Kama nisingekuamkia, basi tungekuwa bado tunabishana, na mtu huwezi kubishana peke yako, lazima mwenzako awe mahali fulani.

Ndivyo nilivyowaza. Ni wazo la kijinga, lakini lilikuwa linanisaidia kuamka asubuhi.

Arobaini yako ilifanyika Jumamosi, kwenu, kule nyuma ya Kolandoto. Bwana Shija alifunga banda siku ya mechi, hebu fikiria, akakodi gari na tukaja wote. Baba yako alitupokea, "Mwadila," nikaitikia salamu yenu kwa matamshi yangu mabovu akacheka kidogo. Amepungua. Mama yako alituwekea chakula na baada ya chakula akaleta sahani ya matobolwa. Aliiweka mbele yangu mimi. Sijui alijua nini.

Nilichukua vipande viwili nikaweka mfukoni, nikainuka. Wale wa bandani wakainuka nyuma yangu bila kuambiwa. Kaburi lako wamelizungushia mawe yaliyopakwa chokaa, na mbuzi wa jirani amekula shada lote la maua, limebaki waya. Mama Kulwa alikuwa pale anafagia. Akatuona tumejipanga, akashika ufagio akasimama pembeni.

Nikaweka matobolwa juu ya jiwe. Nikainama vizuri, siyo ile ya kulipua, nikasema kwa sauti watu wote wakasikia: "Shikamoo, Masanja."

Nikasubiri.

Hakuna aliyecheka. Kulikuwa na upepo kidogo, na mtu anatwanga nyumbani kwa jirani. Mgongo ukaanza kuuma, ule mgongo wa kuingia chini ya magari, na mimi nimeinama tu, kwa sababu sheria ni kwamba huinuki kabla ya kuitikiwa. Sijui ilikuwa muda gani. Mama Kulwa akaja akanishika bega, "Shemeji, inatosha." Nikainuka kwa ajili yake. Nilipapasa uso nikijua nitakuta machozi, maana wote walikuwa wananitazama hivyo, nikakuta pakavu. Hata pale. Lakini safari hii sikukimbilia kunawa mikono.

Basi umeshinda. Nimekubali mbele ya mashahidi, na Bwana Shija ametangaza bandani. Ila usivimbe kichwa. Huku sasa habari ni kwamba mkataba wa Ngosha unaisha na timu yake haijasema kitu. Nikikaa kiti changu, mimi nasema hapewi. Nikihamia kiti chako, nitasema anapewa, na nitakutetea kwa maneno yako yote, matairi, ng'ombe, kila kitu, hata kama moyoni sikubaliani na wewe hata kidogo. Nimewaambia wa bandani kwamba kila Jumapili nitakaa viti vyote viwili. Wameniona nimerukwa na akili. Ikijulikana, nitakuja Kolandoto kukwambia ana kwa ana, nikiwa nimeshindwa au nimeshinda. Na mbio yako kwenye kompyuta haitaguswa na mtu. Nimemwomba Mama Kulwa, amekubali.

Lala salama, mtani wangu. Wazazi wako nitawaangalia, na mapacha wakifikisha miguu kwenye pedali nitawarudishia usukani wao na tofali lake.

Marahaba yangu bado sijaipata, na moyoni nimeinama mpaka leo. Lakini sikuharakishi. Maliza matobolwa yako kwanza.

Yona