Sifuri Kushoto, Sifuri Kulia

Kwa Bibi Fundi,
Nyumba yenye mlango wa bati,
6 Machi.

Mpendwa mjukuu wangu Kipini,

Hujambo, mke mwenzangu? Unakula? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi wazima, ila magoti yangu yanalalamika, na babu yako, mume wetu, analalamika kuliko magoti. Shangazi yako ndiye anayeshika kalamu. Mimi nashika mdomo.

Barua yako imenikatisha chakula. Eti umefeli hesabu, marudio ni tarehe ishirini, na ukifeli tena chuo cha uuguzi kinakurudisha nyumbani. Halafu unaniambia niuze gauni lako jeupe la uuguzi! Nilirudi kwenye cherehani nikajishona kidole.

Nimesomewa karatasi ya mtihani uliyoituma. Shule sikwenda, lakini macho ninayo. Ile ya kwanza: eksi mara tatu, ongeza nne, ni sawa na kumi na tisa. Umeondoa nne kushoto, kulia umeacha kumi na tisa ileile. Kwa nini? Ukipunguza mguu mmoja wa suruali, na wa pili unapunguza! Shangazi yako kaondoa kote, ikabaki kumi na tano. Kagawa kote kwa tatu, kapata tano. Akairudisha tano pale mwanzo, ikakaa sawasawa.

Ya pili ndiyo iliyonitia hofu. Umeiona ngumu, ukazidisha pande zote kwa sifuri, ukaandika sifuri ni sawa na sifuri, ukapiga mstari.

Shangazi yako akamtetea mtoto wa kaka yake: "Lakini mama, si kafanya pande zote? Na ni kweli, ziko sawa."

"Wewe nawe! Nikikata miguu yote miwili ya suruali mpaka kiunoni, si itakuwa sawa? Haya, niambie mwenye suruali alikuwa mrefu au mfupi!"

Kwenye sifuri zako hizo weka tano, weka elfu, yote yanakubali. Je, mgonjwa utampa dawa kiasi gani?

Na chuo nacho unataka kukifanya hivyohivyo: futa kote, maliza. Sitaki, Kipini. Naogopa.

Gauni siuzi. Nimelishona lote, ila pindo sijalikunja, maana sijui umerefuka kiasi gani. Ile hesabu ya pili ifanye upya, uniandikie jibu pamoja na kipimo chako, kutoka begani hadi gotini. Uzi uko kwenye sindano.

Babu, shangazi na jirani yetu muuza mkaa wanakusalimu. Mungu aushike mkono wako, ule wa kalamu.

Ni mimi nikupendaye hata ukikosea,
Bibi yako.