Moyo wa Salma Umepona

Baba Salma, mume wangu,

Wiki hii nimetoka kliniki ya moyo na mtoto, na tangu tuliporudi sijapata wa kukaa naye nikamsimulia. Majirani zetu hapa Nzuguni ni watu wema, lakini wao hawakuwapo. Wewe ulikuwapo. Ndiyo maana nakuandikia.

Nakukumbuka ulivyofika wodini siku ile ukitokea mnadani Chemba, viatu vimejaa vumbi, shati linanuka ng'ombe. Uchungu ulikuwa umenishika kabla ya wakati, mimba haijatimiza hata miezi saba. Muuguzi alikusimamisha mlangoni akakuambia unawe mpaka viwikoni. Ulinawa, kisha ukanawa tena bila kuambiwa. Ukasogea kwenye kitanda cha joto, ukamtazama mwanao, ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu ndiye?"

"Ndiye."

"Basi ataitwa Salma."

Daktari alitueleza kwamba kuna mshipa karibu na moyo ambao mtoto akishazaliwa hujifunga wenyewe. Wa Salma haukujifunga. Damu ikawa inazidi mapafuni, dawa zikashindwa, ikabidi apasuliwe. Tuliposubiri kwenye benchi ulinishika mkono mbele za watu, wewe ambaye hata tukienda sokoni ulikuwa ukinitangulia kama hatujuani.

Alirudi amebandikwa vibandiko vidogo vyenye nyaya, kuanzia kwenye paji la uso, kifuani, hadi pajani. Nyaya zilikwenda kwenye mashine yenye kioo. Ulishtuka.

"Sista, hizo hazimuumizi?"

"Hapana, baba. Hazichomi wala hazitoi damu. Zinatuonyesha tu moyo wake unasukuma damu kiasi gani."

"Kwani si mmeshautibu?"

"Mshipa tumeufunga, ila sasa moyo umebadilishiwa kazi ghafla. Unaweza ukachoka. Ndiyo maana tunauangalia."

Tangu hapo hukubanduka mbele ya kile kioo. Ulikuwa ukimsemesha mtoto kwa Kirangi, taratibu, maneno mengi. Mimi wa Mbeya sikuelewa hata moja, na sikukuuliza. Nilidhani ipo siku utamwambia mwenyewe, akiwa mkubwa.

Mchana ule ule namba za kwenye kioo zikaanza kushuka. Salma alikuwa amelala vizuri, rangi yake haijabadilika, hata mimi mama yake sikuona tofauti yoyote. Muuguzi aliangalia kioo, akamgusa mtoto miguu, akamwita daktari. Wakaongeza dawa kwenye dripu. Walituomba tusogee pembeni, tukasimama ukutani. Ulikuwa ukimwomba Mungu. Sijawahi kukuona ukiogopa namna ile, si kabla wala baadaye. Muda ukapita, namba zikaanza kupanda, kidogo kidogo, mpaka daktari akageuka akatuambia, "Moyo umeitikia." Ulitoka nje. Nilipokufuata nilikukuta umeegemea nguzo unalia, upepo unakupeperushia kanzu, na hukujificha.

Tulirudi naye nyumbani mzima. Lakini Salma hajaanza hata kutembea, wewe ukaenda Busi kumsaidia mama yako kuvuna ulezi. Shemeji akanipigia simu. Alisema ulilalamika kifua kinabana, ukakaa kwenye tuta upumzike kidogo, ukaomba maji. Maji yalipofika ulikuwa umeshaondoka. Ule moyo wa mtoto ulioutolea macho kiasi kile ulipona, na wako hakuna aliyejua kwamba unaumwa. Simlaumu mtu. Inaniuma tu, na sijui niupeleke wapi huo uchungu.

Sasa Salma yuko chekechea. Ana mwendo wako, anatembea amenyoosha shingo. Jioni nikirudi kazini tunakula wawili, namsikiliza habari za shuleni, halafu akishalala nyumba inakuwa kubwa kuliko tulivyoijenga. Ofisini watu hunisalimia, huniuliza mtoto hajambo, nawajibu hajambo. Zaidi ya hapo sina cha kuwaambia.

Kliniki, daktari alimpima kwa muda mrefu. Akaondoa kifaa cha kupimia moyo kifuani mwa mtoto, akamfuta mafuta aliyompaka, akaniambia, "Mama, moyo wake ni mzima. Asirudi tena hapa, labda aje kutusalimia." Salma akashuka kitandani akaomba soda. Mimi nikasema asante, daktari, asante sana, tukatoka.

Pale nje akina mama wengine walikuwa na waume zao, na mama zao, na dada zao. Mimi nilisimama na habari ile kifuani, nikageuka upande wangu wa kulia, ulikokuwa ukisimama sikuzote, nikaanza kusema, "Umesikia?" Mtu mmoja akanitazama. Nikamshika mtoto mkono, tukaenda kununua soda.

Binti yako amepona, Baba Salma. Nilitaka wewe ndiye uambiwe wa kwanza.

Pumzika kwa amani huko uliko.

Mkeo,
Mama Salma