Bundi Wawili Mlangoni

Jumatatu, 4 Mei
Chai tayari saa kumi na mbili na nusu. Mama Neema, jirani Mkongo wa mlango wa pili, kapitia akielekea saluni yake. Hunywa amesimama. Tangu mke wangu afariki, Kiswahili chake ndicho pekee ninachosikia kutwa hapa Durban.

Mchana, kifurushi kutoka kwa Rehema, binti yangu aliyeko Osaka. Pazia fupi la kitani, la mlangoni, limepasuliwa katikati ili mtu apenye. Lina bundi wawili. Wajapani humhesabu bundi kuwa ndege wa bahati. Nimelitundika mlango wa mbele.

Jumanne, 5 Mei
Mama Neema kaishia nje.

"Papa Mwalimu, hii si bundi?"

Nikaeleza. Hula panya, huona gizani, Japani hulinda nyumba. Nilieleza mno. Ualimu ni ugonjwa usiopona.

"Papa, kwetu hiyo ndege iko ya walozi. Chai utakunywa na yeye."

Akaenda.

Alhamisi, 7 Mei
Jana hakuja. Leo hakuja. Nasikia kandambili zake zikiharakisha kupita.

Nimemwandikia maelezo, kurasa mbili na mchoro, nikayapenyeza chini ya mlango wake. Kosa la kijinga. Mtu anaogopa bundi, nami nimempelekea wa tatu nyumbani kwake.

Ijumaa, 8 Mei
Karatasi zimerudi. Zimepakwa mafuta ya maombi. Sijazungumza na mtu leo.

Jumamosi, 9 Mei
Rehema kapiga simu ya video, akataka kuliona pazia. Nikamwonyesha. Alifurahi mpaka machozi. Alizunguka maduka manne kulitafuta. Amekulia hapa Durban, habari za bundi sikuwahi kumfundisha. Akauliza majirani wanasemaje. Nikasema wanalisifu.

Ukweli: nilipofungua kifurushi, nami nilishtuka. Mama yangu, Tabora, aliwatupia bundi vijinga vya moto. Hilo sikumweleza Mama Neema. Ndilo pekee lililostahili kuelezwa.

Jumapili, 10 Mei
Nimelishusha. Mama Neema, akienda kanisani, kainua macho, kisha kaniangalia. Nikamwambia hata mimi niliogopa.

"Eish, Papa! Na madiplome yako yote!"

Akacheka sana. Hakuuliza nimelipeleka wapi.

Jumatatu, 11 Mei
Amekuja. Ameketi. Vikombe viwili.

Pazia liko chumbani, upande wa ndani wa mlango. Niliufunga kabla hajafika. Jumamosi Rehema akipiga, nitalitundika tena mbele, kwa muda wa simu tu.