Majongoo wa Paa la Kanisa

Jumatatu, 18 Machi

Bahari imekuwa vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mgonjwa. Nimepiga mbizi na Oyang, mlinzi mwenzangu wa bahari, tukague kabla sasi, marufuku yetu ya kuvuna, haijafunguliwa Jumatatu ya Pasaka. Tangu marufuku hiyo iwekwe kwa sala kanisani, hakuna aliyegusa hata jongoo bahari mmoja. Sisi walinzi tumeishika kwelikweli. Nilitaraji kuwakuta wamelala mchangani kama mikate. Wapi! Matumbawe meupe pee. Majongoo wachache, tena vitoto vya kidole. Oyang alipoibuka akasema labda tumekosea mahali.

Hatukukosea.

Jumatano, 20 Machi

Nimemwambia Mama. Kosa! Yeye ndiye mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, na paa jipya lilitegemea mavuno haya. Akaacha kukoroga papeda, uji wetu mzito wa sago, mwiko mkononi.

“Yosina, paa lile linanivujia mimi utosini. Wewe unakaa nyuma, utajuaje?”

Nikamwambia tukivuna vitoto, hatutavuna tena.

“Bahari kaiumba Mungu. Alikuita wewe umshikie taa?”

Papeda ikaganda. Tumeila hivyo hivyo, kila mtu na lake.

Ijumaa, 22 Machi

Kikao cha baraza. Bapa Raja, mkuu wetu wa kijiji, ameshamwahidi tajiri wa mjini Ambon mavuno yote, na boti inakuja. Akaniuliza kwa upole — upole wake ndio unaotisha — kama mlinzi ana mamlaka juu ya tarehe iliyotangazwa madhabahuni. Nikasema sina, ila macho ninayo. Domingus, mmoja wa wanabaraza, akadakia: “Basi nenda ukawavalishe nepi hao majongoo wako!” Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze.

Mchungaji, dada mgeni wa kisiwa kingine, aliongea mwisho. Akasema tulifunga kwa sala, na kuongeza muda nako kunataka sala, tena si ya mtu mmoja. Jumapili atawauliza waumini.

Bapa Raja hakupinga. Hakukubali pia.

Jumamosi, 23 Machi

Maji yamekupwa sana. Mama kaaga eti anakwenda kutafuta kaa. Na magoti yale mabovu! Nikamfuata kwa mbali. Hakutafuta kaa wala nini. Aliinama juu ya matumbawe meupe, akakwangua kwa ukucha, akanusa. Akainama kwa jingine, na jingine.

Alipogeuka akaniona. Sikumwambia “si nilisema”. Nikamshika mkono taratibu hadi upande wa kaskazini, penye mkondo wa maji baridi. Kule matumbawe bado yana rangi — zambarau, manjano, yote. Akakaa juu ya jiwe, miguu majini.

“Hapa ndipo nilipokufundisha kuogelea,” akasema.

Basi. Hilo tu.

Jumapili ya Matawi, 24 Machi

Mchungaji ameuliza: tufungue au tuendelee kufunga? Mara Mama huyo, kasimama! Nikafumba macho.

“Paa linavuja, na mpiga kelele mkubwa ni mimi. Lakini jana nimeiona bahari. Inaumwa. Mgonjwa havuliwi shuka.”

Akasema akina mama watauza keki za sago na lozi hadi paa lipatikane, na kwa sasa kila mtu aje na mwavuli wake. Kicheko! Domingus akauliza nani atamkabili tajiri.

“Mimi. Wewe jifiche nyuma yangu, kama kawaida.”

Mikono ikainuka. Mingi, si yote. Sala imeombwa: miaka miwili mingine, na kaskazini hakuguswi kabisa. Bapa Raja hakuinua mkono. Wala hakutoka.

Nimelia kidogo. Vumbi la kanisa, nimemwambia Oyang.

Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili

Naandika hapa ufukweni, karatasi inalowa. Boti ya tajiri imeingia! Mama na wenzake wamesimama majini, maji magotini, sketi wamezikunja kiunoni. Hawaimbi, hawatukani. Wamesimama tu. Tajiri anapaza sauti kwamba alishakubaliana na mkuu.

“Basi mnunue mkuu!” Mama kamjibu.

Hata mabaharia wake wanacheka. Injini bado inanguruma. Domingus yumo majini pia — kweli nyuma ya Mama, lakini yumo!

Oyang ananigusa bega. Bapa Raja anateremka kutoka kanisani, kavaa shati lake la vikao. Wanawake wamegeuka, tajiri naye pia. Bapa Raja amefika ukingoni mwa maji, amemtikisia tajiri kichwa.

Anavua viatu.