Saa ya Mama Haifunguki

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, mgongo umepunguza kukusumbua, na yule mpangaji mwenzako ameacha kutumia taulo lako. Sisi huku tunaendelea. Sijaandika kwamba hatujambo, na utaona kwa nini, lakini niruhusu nianze na ile saa, maana nisipoitoa kifuani nitapasuka.

Najua utashangaa kupokea karatasi wakati simu ipo. Kwenye simu mama huwa kando yangu anadaka kila neno, na wewe ukipiga unaongea kama mtu anayekimbizwa. Mimi nikifungua mdomo umeshaaga. Kwa hiyo isome yote kwanza, ndipo upige.

Ile saa ya mkononi uliyomtumia mama, ya kupima mapigo ya moyo na kuhesabu hatua, imekufa. Ilianza kwa kuweka ukungu kwenye kioo, ikawa inawaka na kuzima inavyotaka, mwishowe ikazima moja kwa moja. Nilikuambia ina hitilafu ndogo na nimeipeleka dukani. Sikukuambia kwamba nimekwenda huko mara sita.

Mara ya kwanza dada wa kaunta alinipa namba, akaniacha nimesimama mpaka miguu ikafa ganzi, kisha akanitoza ada ya matengenezo kabla hata ya kuigusa saa yenyewe. Nikauliza kwa nini nilipie matengenezo kabla haijajulikana kama inatengenezeka. Akasema ndio utaratibu. Kaka, neno hilo utaratibu nimelisikia wiki hizi tatu mpaka linanitia kichefuchefu. Nililipa, nikaondoka zangu.

Siku ya tisa nikaitwa. Niliomba ruhusa kazini, nikaenda mbio nikidhani nakwenda kuchukua saa nzima. Fundi, ambaye kimoyomoyo nimempa jina la Bwana Haiwezekani, akaniambia saa hizi hazifunguki. Zimegandishwa kwa gundi huko kiwandani, na ukilazimisha kuzifungua unazivunja. Hakuna spea, hakuna betri ya kubadilisha, hakuna hata skrubu. Nikamuuliza, kwa adabu kabisa, hayo aliyajua lini. Akasema anayajua siku zote. Nikamuuliza basi mimi nimelipia matengenezo gani. Akasema nimelipia kuthibitishiwa kwamba haitengenezeki. Nikaitazama meza yake ya ufundi: palikuwa na kitambaa cha kufutia, kikombe cha chai na simu yake. Bisibisi hata ya dawa haikuwepo.

Nikasema nataka kulalamika. Akanielekeza dirisha la pili. Nikapanga foleni nyuma ya mzee mmoja mwenye miwani inayopiga picha na binti mwenye pete ya kupima usingizi, vitu vyao vyote vimekufa, na wote wametozwa kama mimi. Zamu yangu ilipofika pazia likafunguliwa, na nani yuko ndani? Bwana Haiwezekani yule yule, amesogeza kiti tu. Akaniuliza shida yangu ni nini, kana kwamba hajapata kuniona maishani. Sikuwa na la kufanya, nikamsimulia upya kila kitu, pamoja na jeuri ya yule fundi wa dirisha la kwanza. Akaandika yote bila kucheka, akaniahidi kwamba fundi huyo atachukuliwa hatua.

Safari zilizofuata nitaziruka. Nilibisha, nikagonga meza, yule mzee wa miwani akanipigia makofi. Mwishowe akatoka meneja, mama mmoja mtulivu, akanikalisha ofisini kwake. Akasema kama mvaaji hakukosea, ada yangu itarudishwa na nitapewa saa mpya. Tatizo ni kwamba kumbukumbu za saa zinaonyesha imekaa kwenye mvuke wa moto, tena kila siku, kwa miezi. Nikamwambia huo ni uongo wa kutaka kula pesa za watu. Nikaapa kwamba mama yetu ni mtu mzima, anakaa nyumbani, mvuke wa moto ataupata wapi. Meneja hakubishana nami. Alinipa fomu yenye swali moja: nani huvaa kifaa hiki kila siku, na anafanya kazi gani. Nikishaandika kwamba ni mama na anakaa nyumbani, nikatia sahihi, yeye hatakuwa na neno zaidi. Nakala ya fomu na ya kumbukumbu zile ingetumwa kwa mwenye akaunti inayopokea namba za saa, yaani wewe.

Nikashika kalamu. Mimi niliyewakosesha watu raha wiki tatu, siku nimepewa haki yangu mkononi, nikashindwa kuandika neno moja. Nikairudisha fomu tupu, nikachukua saa iliyokufa, nikatoka. Bwana Haiwezekani alinifungulia mlango, nadhani kwa furaha.

Kaka, jibu la swali lile ni mimi. Miezi mitano nimeivaa mimi saa ya mama, kule kiwandani tunakofua mashuka ya hospitali, nimesimama mbele ya pasi ya mvuke kutwa nzima. Hatua ulizokuwa ukizisifu ni zangu. Mapigo ya moyo uliyosema ni ya msichana yalikuwa ya msichana kweli.

Unakumbuka mama alipoteleza bafuni, ukasema unaacha mafunzo yako unarudi? Jioni ile mama aliivua saa akanifunga mimi. Alisema amekusomesha kwa vibarua na hataki uache mafunzo katikati kwa ajili ya miguu yake, na kwamba mimi natembea vya kutosha kwa watu wawili. Nilidhani ni kwa wiki moja, apate nafuu. Hakupata nafuu, Kaka. Tangu siku ile mama hajatembea kufika hata kibarazani bila kushikwa.

Na uongo wenyewe ulitutesa kama kazi ya pili. Ulipopiga kuuliza kwa nini moyo wa mama ulienda mbio Alhamisi saa nane, mimi nilikuwa nimepandisha kapu la mashuka ghorofa ya tatu, lifti mbovu, na ikabidi mama aseme alikuwa anafagia uwanja. Ulipofurahi kwamba anatembea hatua elfu kumi na nne kwa siku, niliona zimezidi, nikawa nakaa kaa kazini ili zipungue, msimamizi akaniandikia barua ya onyo kwa uvivu. Nilicheka siku ile. Leo sicheki.

Maana miezi miwili iliyopita nilikuambia mama anachoka sana na miguu inavimba, nataka nimpeleke kwa daktari wa moyo. Ukasema nisimhangaishe mzazi, saa inaonyesha yuko imara kuliko sisi. Mama akadakia hapo hapo, akakataa kutoka nyumbani. Nami ningekujibu nini? Ningesema usiiamini saa, ungeuliza kwa nini. Kesho yake nikaifunga tena mkononi, nikaenda kazini. Nimekukasirikia na wewe pia, sitakuficha. Ulikuwa unapiga simu kumsomea mama namba zake, humuulizi anajisikiaje. Lakini namba nilizitengeneza mimi, kwa miguu yangu, na sina wa kumtupia lawama.

Saa ilipokufa, mama hakuwa tena na pa kujifichia. Wiki iliyopita nilimbeba mpaka kwenye teksi, nikampeleka. Daktari alisema moyo umechoka, maji yanajaa miguuni na sasa yanaanza kupanda kifuani. Aliniuliza tulikuwa wapi muda wote huo. Ameanza kumpa dawa na zinamsaidia kulala. Mama alipotolewa kwenye kiti akapimwe, daktari alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini kwamba wanaotaka kumwona wasisubiri likizo.

Ndiyo maana sikuijaza fomu. Sikutaka uyasome haya kwenye karatasi ya duka. Nilitaka uyapate kwangu, pamoja na msamaha ninaokuomba nikiwa nimepiga magoti, ingawa hunioni. Kama utanigombeza, nigombeze, nitasikiliza bila kujibu. Ila panda basi kwanza.

Wajomba wanakusalimu, na muuguzi wa mlango wa pili anayekuja kumgeuza mama nikiwa kazini anakusalimu pia. Mama mwenyewe anakusalimu sana. Amekaa hapa na mito yake, ananiuliza naandika nini kirefu hivi, nimemwambia nakuandikia mkasa wa saa. Amecheka, akasema nikuambie usitume nyingine. Hajui kwamba nimekuita. Tangu aanguke anasema anakusitiri usihangaike, lakini kila gari likisimama nje ananituma nikachungulie ni nani.

Kwa hiyo ukifika, nakuomba sana, usiseme nimekuandikia. Mwambie umekuja kwa sababu ulitaka kumwona.

Wasalaam,
Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba