Mvua ya Daftarini

Kijiji cha Ujamaa,
S.L.P. Handeni.
9 Machi, 1975

Kwa dada yangu mpendwa Hosiana,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mpale, wewe na shemeji Yordani na watoto. Mimi napumua. Kwa hilo namshukuru Mungu. Kwa mengine sina shukrani.

Telegramu yangu ilisema mama amefariki kwa homa, nawe umeuliza homa gani. Nitakujibu, ila niache nianzie mbali, maana mkono ni mzito.

Jua la huku si la mchezo. Vuli ilipita bila kulowesha vumbi, mahindi yakafika magotini yakajikunja. Maji tunayachimbua kwenye mchanga wa mto. Nikikumbuka ukungu wa kwetu, na mama akilalamika kwamba nguo hazikauki, nacheka huku nalia.

Njaa ilipoingia, Serikali ilileta yanga, yale mahindi ya njano. Lori lilipita kijijini petu limejaa, likaenda kushusha kijiji cha pili. Wanawake walilikimbilia na vikapu vyao bure. Mwenyekiti wetu, Mzee Athuman, alikwenda Handeni kwa baiskeli kuuliza. Akaambiwa kijiji chetu kina mvua ya kutosha, basi njaa yetu ni ya uvivu. Wavivu, dada! Na mama anampa mwanangu Grasiana bakuli lake la uji, anadai ameshiba. Jirani yangu Mwaija alimlaani aliyepeleka habari hizo, nami nikaitikia amina.

Aliyezipeleka ni mimi.

Bwana shamba alinikabidhi kipimo cha mvua na daftari kwa sababu nimemaliza darasa la saba. Kila asubuhi saa tatu nichungulie, niandike, naye apeleke hesabu Handeni. Mwanzoni niliandika ukweli: sifuri, sifuri, sifuri. Akaja mkubwa mmoja wa wilaya, akakunja uso, akasema sifuri hizo ni za mtu asiyekipenda kijiji. Niliogopa. Lakini si woga tu. Nilianza kuandika mvua ya Mpale kama ninavyoikumbuka, Jumanne manyunyu, Alhamisi mvua ya kutwa, na kuandika kukanipoza moyo. Hata ile barua ya kumwita mama aje kuishi nami huku, mliyoisoma kwa furaha, mvua yake niliitoa humo daftarini.

Mama alikufa kwa njaa, dada. Kaburi lake tulilichimba kwa sululu, udongo mkavu hadi chini. Na asubuhi ile, kwa mazoea tu, nilifungua daftari. Siku ya mazishi ya mama zimeandikwa milimita thelathini na mbili.

Lori linarudi Jumamosi. Kesho nampelekea Mzee Athuman daftari, nami nitakwenda naye Handeni nikaseme kwa mdomo wangu. Atakachonifanya Mwaija, na anifanye.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Wasije huku. Pole usinipe, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Ni mimi mdogo wako,
Hiza