Jina la Sita la Ayanle Jama

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Garissa mjini
Tarehe 17 Juni 2025, saa nne asubuhi

Jina: Hamze Dubow Farah
Umri: Miaka 81
Kazi: Mwalimu mkuu mstaafu
Makao: Galbet, Garissa
Lugha: Kiswahili
Mwandishi wa maelezo: Koplo Everlyne Nafuna

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Ninaugua saratani ya umio na daktari ameniambia nisipange mambo ya mwakani. Akili yangu ni timamu na hakuna aliyenilazimisha kuja. Nimekuja kueleza kwamba mnamo tarehe 14 Machi 2024 nilisema uongo katika baraza la wazee la kuwapiga msasa wanaoomba hati za serikali, nami nikiwa mmoja wa wazee hao. Kwa uongo huo Ayanle Jama Aweys, mchezaji wa mpira, alihesabiwa kuwa si Mkenya.

Ayanle namjua tangu alipotoka tumboni. Baba yake, Jama, alikuwa mfugaji wa ng'ombe kule Hulugho. Alifariki wakati mkewe, Abshiro, akiwa mjamzito. Mtoto alipozaliwa, mimi kama mkubwa wa ukoo nilimsomea adhana katika sikio la kulia na nikampa jina. Baadaye Abshiro alihamia Galbet, nyumba ya pili kutoka kwangu, akawa anauza maziwa ya ngamia.

Kwetu Wasomali mtoto hufundishwa kutaja baba zake mmoja baada ya mwingine. Ayanle hakuweza kutulia kitako, kwa hiyo nilimfundisha kwa mpira. Alikuwa akiupiga kwa mguu usiguse chini, na kila pigo alitaja jina: Ayanle, Jama, Aweys, Gedi, Barre, Samatar. Mpira ukianguka, alianza upya. Kufikia umri wa miaka saba hakuwa akiuangusha tena. Samatar ni babu wa baba yangu. Hapo ndipo mimi na Ayanle tunapokutana.

Alipokua alichukuliwa na klabu moja ya Nairobi kucheza winga. Mwishoni mwa mwaka 2023 klabu ya Oman ilimtaka. Alichokosa ni pasipoti tu, na kwa watu wa kwetu kuiomba ni lazima upite mbele ya baraza la wazee.

Mnamo Januari 2024, katika mechi iliyoonyeshwa kwenye runinga, alifunga bao akainua jezi. Ndani alivaa fulana iliyoandikwa: "Waliochukuliwa wako wapi?" Alikusudia vijana wa kwetu waliokamatwa na watu wasiojulikana na hawajaonekana tena. Mmoja wao alikuwa rafiki yake wa utotoni, Aweys, jina moja na babu wa Ayanle. Wiki hiyo alihojiwa redioni. Alisema kwamba kila akisafiri kwenda nyumbani huteremshwa kwenye basi daraja la Tana aonyeshe kipande, yaani kitambulisho, na askari yuleyule anayekikagua humwomba wapige picha pamoja. Alisema, "Picha nitapiga. Lakini Aweys aliteremshwa hapohapo, na yeye hakupigwa picha."

Jumamosi iliyofuata mashabiki wa timu yake mwenyewe walimzomea. Mwenyekiti wa klabu alimtaka aombe radhi hadharani. Alikataa.

Alikuja nyumbani kunisalimu mnamo mwezi wa Februari. Nilimwambia, "Wewe kazi yako ni miguu. Mdomo waachie wenye mdomo."

Akacheka, akiniita babu kwa Kisomali: "Awoowe, si ni wewe ulinichapa darasani kwa kukaa kimya?"

"Nilikuchapa kwa sababu hukujua jibu."

"Basi sasa nauliza swali. Ni poa, ama hata swali nitachapiwa?"

Mama yake, ambaye huniita Adeer, yaani ami, alidakia kutoka jikoni, "Muache, Adeer. Hii kichwa ni ya marehemu baba yake." Tukacheka sote. Sikujua kwamba nacheka naye kwa mara ya mwisho.

Siku chache baadaye alinijia mgeni. Alisema ametoka Nairobi, ofisi hakuitaja, jina hakunipa. Alikunywa chai yangu na kunisifu kwa wanafunzi niliowasomesha. Kisha akasema, "Mwalimu, huyu kijana atapita mbele yenu. Wewe ndiye wa ukoo wake pale barazani. Wengine watakutazama wewe." Nikamwambia kijana ni wetu. Akauliza kama mjukuu wangu Samsam bado anangoja kitambulisho ili aingie chuo cha uuguzi. Nikasema ndiyo, amengoja miaka miwili. Akasema, "Vitu hivi hucheleweshana, Mwalimu. Kimoja kikisonga, kingine husimama." Akaaga kwa adabu.

Sitaki kusema nilitishwa, kwa maana sauti yake haikupanda hata kidogo. Nilijiambia kwamba Ayanle ni kijana, atakwama mwaka mmoja, atajifunza kunyamaza, kisha nitamsafishia njia. Nilijiambia hivyo nikiwa na elimu yangu yote.

Mnamo tarehe 14 Machi baraza lilikaa ukumbini mwendo wa saa tano asubuhi. Zilikuwa siku za mwanzo za Ramadhani na nilikuwa nimefunga. Ayanle alivaa kanzu iliyopigwa pasi. Aliulizwa nasaba yake. Akasimama wima na kuanza: Ayanle, Jama, Aweys, Gedi, Barre, Samatar. Niliuona mguu wake wa kulia ukicheza kidogo sakafuni kwa kila jina.

Alipofika Samatar, niliinua mkono. Nikasema, "Hapo umekosea. Samatar hakuwa na mwana aitwaye Barre."

Akaanza upya, polepole. Alipofika palepale nikasema, "Hapana. Huyu si wetu."

Wazee wengine wanne walikuwa wa koo nyingine. Kwetu mtu hasahihishi nasaba ya mwenziwe. Neno la mzee wa ukoo likishasemwa, limesemwa.

Abshiro alisimama nyuma. Alisema kwa Kiswahili ili maofisa wasikie, "Adeer, niangalie. Huyu mtoto si ni wewe ulisoma adhana kwa sikio yake?" Ofisa akamwambia akae, kwa kuwa mwanamke haulizwi nasaba ya mume. Mimi sikumwangalia. Nilitazama saa yangu.

Wiki iliyofuata kitambulisho cha Samsam kilitoka.

Ayanle alinyang'anywa kipande chake kwa uchunguzi. Klabu ilivunja mkataba ikisema haiwezi kumsajili mtu asiye na hati. Watu wa Oman hawakupiga simu tena. Akabaki Garissa, maana bila kipande hawezi kuvuka daraja. Alisalimia kila alipopita nyumbani kwangu. Hakuwahi kuniuliza kitu. Mnamo Agosti 2024 alikamatwa katika msako na kushtakiwa kwa kuwa nchini bila kibali. Hakimu aliuliza kama yuko mzee wa kumtambua. Abshiro alikuja mlangoni kwangu, hakupiga hodi, alisimama tu. Nilimwona dirishani nikiwa ndani. Sikutoka. Mwezi uliofuata Ayanle alivushwa mpaka, akaachwa Somalia.

Nasikia mwaka huu kupigwa msasa na wazee kumefutwa. Uongo wangu haukufutwa pamoja nako.

Mnamo tarehe 2 Juni 2025, baada ya sala ya alasiri, alinipigia simu kutoka Kismayu. Alisema anabeba mizigo bandarini na goti limeharibika. Alisema, "Awoowe, huku wananiita Mkenya. Wazee wa hapa wameniuliza baba zangu, nikawatajia. Wamesema hao ni watu wa Garissa, rudi kwenu."

Akasema, "Nataka kukutajia tena. Nisikilize, uniambie ni wapi nilikosea. Labda niliruka jina."

Akayataja yote, moja baada ya jingine. Hakukosea. Nilitaka kumwambia, lakini nikamuuliza habari za goti lake, na sitasema ni ugonjwa ulionizuia. Simu ikakatika. Nikipiga sasa haipokelewi.

Jioni ile nilimweleza Samsam kila kitu. Tangu siku hiyo hajazungumza nami. Hata hivyo leo ni yeye aliyenisukuma kwa kiti cha magurudumu kutoka Galbet mpaka hapa, na sasa amekaa nje juani, ingawa kivuli kipo.

Nilimwomba Koplo anikamate kwa uongo wangu. Amesema, "Mzee, nikikuweka ndani utanifia mikononi." Basi naomba aandike hili: Samatar alimzaa Barre, Barre akamzaa Gedi, Gedi akamzaa Aweys, Aweys akamzaa Jama, na Jama akamzaa Ayanle. Kijana hakukosea jina hata moja. Aliyekosea ni mimi, na nilijua.

Niliyoyasema nimesomewa, nami nakiri ni yangu na ni kweli. Sina ninachoongeza.

(Dole gumba la kulia la Hamze Dubow Farah)

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika haya kama shahidi alivyoyatamka. Alipumzika mara kadhaa kwa maumivu na alinisahihisha Kiswahili changu. Ameweka dole kwa kuwa mkono wake haushiki tena kalamu. Nakala imepelekwa kwa ofisi husika. Koplo E. Nafuna.

Nyongeza, tarehe 21 Julai 2025: Ofisi husika imejibu kwamba maelezo haya yathibitishwe na wazee waliokuwa barazani. Shahidi alifariki tarehe 29 Juni. Ayanle Jama hajapatikana kwa simu. Nimewahoji wazee wawili kati ya wale wanne, na wengine wawili wamesema hawana la kuongeza. Wale niliowahoji wamesema kwamba nasaba hiyo si yao kuisahihisha. Wamesema marehemu alikuwa mtu mkweli maisha yake yote, na kwamba neno alilolitamka barazani akiwa mzima na amefunga haliwezi kupinduliwa na maneno ya mgonjwa. Jalada limefungwa. E.N.